Toni za Kizigua na Kisambaa Kwenye Skrini: Mwongozo kwa Mwenye Simu na Kompyuta Mpakato

Ukitoka Segera kuelekea Handeni unaingia kwa Wazigua. Ukiupanda mlima kutoka Korogwe kwenda Bungu na Vugiri unaingia kwa Wasambaa. Lugha zao ni ndugu wa Kiswahili na maneno mengi yanakaribiana, lakini zote mbili zina kitu ambacho Kiswahili sanifu hakina, nacho ni toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno na sehemu ya sarufi. Herufi zinazotumika kuandika lugha hizi kwa kawaida hazionyeshi toni. Mzawa anaijazia mwenyewe anaposoma. Kijana aliyekulia kwenye Kiswahili hawezi kuijazia, kwa sababu hakuna mahali alipoiona.

Wataalamu wameichunguza kwa muda mrefu. Marehemu na walio hai, wa hapa na wa nje, wameacha kazi nzito: Ruth Besha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha utafiti wake wa njeo na hali katika Kisambaa mwaka 1989, David Odden aliandika juu ya toni za Kisambaa mwaka 1982, na Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth wakatoa uchambuzi wa toni za Kizigua mwaka 1990. Karibu yote hayo yapo kwa Kiingereza, kwenye maktaba za vyuo. Ila chombo cha kuionea toni kwa macho, sauti ikiwa bado inatoka mdomoni, leo kinapatikana bila malipo, na mwalimu wa Kabuku au mwanakwaya wa Manundu anaweza kukitumia jioni hii hii. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kukitumia.

Hatua ya 1: Pakua programu

Zinatosha tatu. Zote ni programu huria: hazilipiwi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzinakili na kumpa mwenzake.

Kwenye simu ya Android au iPhone pakua phyphox, iliyotengenezwa na wanafizikia wa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, na kutolewa mwaka 2016. Ina majaribio mengi, lakini sisi tunataka mawili yaliyo chini ya kichwa cha sauti: Audio Spectrum na Frequency History.

Kwenye kompyuta pakua Friture. Hii ndiyo inayochora picha ya sauti papo kwa papo, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Kisha pakua Praat, kazi ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Praat ndiyo inayotumiwa na wanaisimu dunia nzima kupima kidatu cha sauti, yaani ujuu au uchini wake. Kwenye Windows haihitaji hata kusakinishwa: unaibofya na inafunguka, kwa hiyo unaweza kuibeba kwenye flashi na kuifungua kwenye kompyuta ya shule au ya rafiki.

Ukishapakua, mambo ya bando yameisha. Programu zote tatu zinafanya kazi bila intaneti, na hilo ni jambo kubwa kwa anayekwenda vijijini.

Hatua ya 2: Tafuta mahali pa kurekodi

Usianze chini ya bati wakati wa mvua, wala sebuleni feni ikizunguka. Chumba chenye godoro, mapazia na nguo nyingi ni kizuri kuliko ukumbi mtupu wa sakafu ya saruji, kwa kuwa ukumbi unarudisha mwangwi, na mwangwi unatia ukungu kwenye picha. Kivuli cha mwembe mbali na barabara ya bodaboda nacho kinafaa sana, upepo ukitulia.

Kompyuta ikiwa kwenye chaja, mara nyingi utaona mstari usiosogea chini kabisa ya picha, kwenye hezi 50, na mwingine kwenye 100 au 150. Huo ni muungurumo wa umeme wa gridi, ambao nchini kwetu hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Chomoa chaja ufanye kazi kwa betri. Mara nyingi mistari hiyo hutoweka papo hapo.

Maikrofoni ya waya ya simu inatosha kuanzia. Iweke upana wa kiganja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi za herufi p na b zisiipige moja kwa moja.

Hatua ya 3: Jifunze kuisoma picha kwa sauti yako mwenyewe

Hapa usiwe na haraka. Asiyeisoma picha ataona rangi tu.

Fungua Friture, chagua maikrofoni kwenye mipangilio, kisha kwenye mojawapo ya madirisha chagua 2D Spectrogram. Muda unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Masafa ya mtetemo yanapanda kutoka chini kwenda juu, yakihesabiwa kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Palipong'aa ndipo penye nguvu ya sauti.

Piga mluzi. Utaona mstari mmoja mwembamba, mara nyingi juu ya hezi 1,000. Sema "sss" kwa kuvuta: mstari hakuna, kuna wingu lililotanda juu, hasa kupita hezi 4,000. Sasa sema "aaa" kwa sauti moja bila kuipandisha. Itatokea mistari mingi iliyolala, iliyopangana kama matuta ya shamba la mlimani, kwa nafasi zinazolingana. Mstari wa chini kabisa ndio mpigo wa nyuzi za sauti kooni. Kwa mwanamume mtu mzima huwa kati ya hezi 85 na 180 hivi, kwa mwanamke kati ya 165 na 255, na kwa mtoto juu ya hapo. Mistari ya juu ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya huo wa chini.

Endelea na "aaa", sasa ipandishe na kuishusha taratibu. Mistari yote inapanda na kushuka pamoja, ila ya juu inapanda kwa ukali zaidi. Tuseme koo lako limetoka hezi 120 hadi 130. Mstari wa kwanza umesogea hezi 10 tu, na kwenye skrini hutauona ukisogea. Mstari wa kumi umetoka 1,200 hadi 1,300, umesogea hezi 100, na huo unaonekana wazi. Anayetafuta toni kwenye picha ya Friture asikodolee macho mstari wa chini. Aangalie wa nane, wa tisa, wa kumi.

Hatua ya 4: Rekebisha mipangilio

Friture ikifunguka huonyesha masafa mapana kuliko tunavyohitaji. Fungua mipangilio ya dirisha hilo, weka kiwango cha juu hezi 2,000 na cha chini kiwe kidogo kadiri programu inavyoruhusu, na uchague mizani ya kawaida iitwayo Linear. Muda wa skrini uwe sekunde 5 hadi 10.

Kisha kuna FFT Size, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Joseph Fourier, Mfaransa, alionyesha mwaka 1822 kwamba mchoro wowote wa mtetemo unaweza kugawanywa kuwa jumla ya mitetemo rahisi. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey wakachapisha njia ya haraka ya kuufanya mgawanyo huo kwa kompyuta, iitwayo FFT. Programu huchukua kipande kifupi cha sauti, hukigawanya, huchora, kisha huchukua kinachofuata. Namba unayochagua ni urefu wa hicho kipande. Kipande kirefu hutenganisha masafa vizuri lakini huchanganya nyakati. Kifupi huonyesha lini jambo limetokea lakini mistari hushikana.

Kwa sauti ya mzee mwanamume, ambaye mistari yake imekaribiana, tumia 4096. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hicho ni kipande cha milisekunde 85 hivi, kifupi kuliko silabi, na kinatenganisha masafa kwa hezi 12 hivi. Kwa sauti ya bibi au mtoto, ambaye mistari yake iko mbalimbali, 2048 inatosha na picha inakuwa kali zaidi upande wa muda. Ukipanda hadi 8192 kipande kinakaribia urefu wa silabi nzima, na kupanda kwa toni ndani ya silabi kutafutika.

Kwenye simu, jaribio la Frequency History halina mambo haya mengi. Linakuchorea nukta za kidatu zikisogea jinsi unavyotamka. Ni zuri kwa darasa lenye simu moja, mradi azungumze mtu mmoja tu na wengine wanyamaze.

Hatua ya 5: Kizigua, fuata kilele

Mtafute msemaji hodari wa Kizigua. Mwombe aseme kulombeza, yaani kuomba. Tazama mistari, au nukta za simu: sauti inakwenda chini, kisha inafika kilele kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mbe. Sasa aseme kulombezeza, kuombea. Shina halijabadilika, neno limeongezeka silabi moja tu, lakini kilele kimehama. Hakiko tena pale kilipokuwa, kimesogea kulia hadi ze, ambayo sasa ndiyo silabi ya pili kutoka mwisho. Aseme kulombezezana, kuombeana: kimehama tena, kipo kwenye za.

Mswahili atasema huo ni mkazo tu, kwani nasi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mpe jibu kwa neno kudamanya, yaani kufanya. Hapo kilele hakuna. Sauti inalala kutoka mwanzo hadi mwisho, ikishuka kidogo kidogo kama mazungumzo yote yanavyoshuka kuelekea kituo. Vitenzi vya Kizigua vimegawanyika makundi mawili, vyenye toni ya juu na visivyo nayo. Vile vyenye nayo huisukuma toni hiyo mbele hadi silabi ya pili kutoka mwisho, hata kama imetokea mbali. Kenstowicz na Kisseberth walilieleza hilo kwa kurasa nyingi. Wewe umelitazama likitokea kwa sekunde chache.

Nenda mbele kidogo. Mwombe msemaji aseme "ninafanya" na "anafanya" kwa Kizigua. Kitenzi ni kile kile kisicho na toni, lakini kiambishi cha nafsi ya tatu hubeba toni yake ya juu, na cha nafsi ya kwanza hakibebi. Tazama kilele kikitokea kwa "anafanya" peke yake. Kwangu mimi hakuna jambo linalopendeza zaidi katika kazi hii yote: sarufi inayoonekana kwa macho, kwenye neno ambalo kwa maandishi lingeonekana limetofautiana herufi tu.

Maneno haya nimeyachagua kwa sababu moja zaidi. Herufi l, m, b, n na z hutamkwa nyuzi za sauti zikitetema, kwa hiyo mistari haikatiki. Herufi k, t, p na s hukata mistari, na utaona pengo. Pengo hilo si kosa la programu.

Hatua ya 6: Kisambaa, tazama ngazi

Kisambaa kina ufundi wake. Mwombe Msambaa aseme nyoka peke yake. Silabi zote mbili ni za juu. Kisha aseme azakoma nyoka, ameua nyoka. Neno la kwanza linaishia juu, na la pili ni la juu pia, lakini linapoanza sauti hushuka kidato kimoja na kubaki hapo. Haianguki hadi chini. Ni juu, ila juu ya chini kuliko ile ya mwanzo. Wanaisimu wa dunia hutaja mfano huu wa Kisambaa mara kwa mara wanapojadili toni mbili za juu zinapokutana, na chanzo chake ni midomo ya watu wa milima hii.

Kwa kazi hii tumia Praat, maana kidato hicho ni kidogo na kinataka kupimwa. Fungua New, chagua Record mono Sound, bofya Record, msemaji aseme, bofya Stop, kisha Save to list & Close. Bofya View & Edit. Kwenye menyu ya Pitch chagua Show pitch, na mstari wa kidatu utajichora juu ya picha. Weka kiwango cha kupimia kati ya hezi 75 na 300 kwa mwanamume, na 100 na 500 kwa mwanamke. Ukikiacha kipana mno, programu itaruka ghafla hadi nusu au maradufu ya kidatu halisi, hasa kwa sauti ya mzee yenye mkwaruzo. Mstari ukiruka ghafla hivyo, amini sikio lako, punguza kiwango, upime tena.

Unapopima, usiombe neno likiwa peke yake mwishoni mwa orodha. Mtu anapofikia neno la mwisho sauti hushuka yenyewe. Akiwa na shaka hupandisha kama anayeuliza. Liweke neno katikati ya sentensi ile ile kila mara, na ulirudie mara tatu. Ukikuta kijiji kimoja kinatamka tofauti na kingine, andika jina la kijiji na tofauti yake, wala usimsahihishe msemaji.

Hatua ya 7: Kukaa na wazee

Toa shikamoo, keti, eleza kazi yako kabla ya kutoa simu mfukoni. Kwa kijiji usichotoka, anzia kwa mtendaji wa kijiji. Mwambie bibi au babu sauti yake itatumika wapi, nani ataisikia, na kwamba anaweza kusema ifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda yeye na sauti yake. Omba ruhusa yake, na ombi hilo ulirekodi mwanzoni mwa kazi, pamoja na jibu lake.

Mgeuzie skrini aone. Wazee hufurahi kuona sauti zao zikipanda na kushuka, na mara wakielewa wanakuongoza wenyewe: watakuambia jaribu neno hili, jaribu na lile. Kuanzia hapo wewe ni mwanafunzi wao.

Ukiwa Handeni, usiisahau Chogo. Hapo wanaishi Wazigua ambao wazee wao walipelekwa Somalia utumwani katika karne ya 19, wakaishika lugha kando ya Mto Juba vizazi na vizazi, kisha vita ikawarudisha Tanzania. Wengi wao wamepewa uraia. Ndugu zao wengine walipelekwa Marekani, na Kizigua chao kinachunguzwa katika vyuo vya huko. Rekodi kulombeza ya Chogo na ya Chanika ya Handeni, uzifungue pamoja kwenye Praat, ulinganishe vilele. Umbali wa karne moja na nusu unaweza kuuona kwenye kioo kimoja.

Hatua ya 8: Hifadhi

Hifadhi kwa WAV, sampuli 44,100. Saa moja ya sauti ya mono huchukua takribani MB 318, kwa hiyo flashi ya GB 32 inabeba karibu saa 100. Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp: huko sauti hubanwa na sehemu yake hutupwa. Ukilazimika kuituma kwa WhatsApp, iambatishe kama hati. Mazungumzo marefu na hadithi rekodi kwa programu ya Audacity, ambayo nayo ni ya bure, na maneno mafupi kwa Praat.

Jina la faili liwe na kijiji, lugha, tarehe na namba ya msemaji, kwa mfano bungu_kisambaa_2025-06-14_03.wav. Majina ya wasemaji yaandike kwenye daftari tofauti. Weka nakala mbili mahali pawili, moja nyumbani kwako na nyingine shuleni au kanisani au msikitini, kwa mtu unayemwamini. Na familia ya mzee uipe nakala yao. Sauti ni yao.

Ikiwa unafundisha Handeni au Korogwe, anza na maneno ishirini: kumi yenye kilele, kumi yasiyo nacho. Waombe wanafunzi wawalete bibi na babu zao siku moja baada ya masomo, na uanze kurekodi mwezi huu.